Maarifa ya Nyumbani: Kadi Kuingia Si Kadi Kufaa



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo zamani lilikuwa la maofisi na mabenki, na leo limeingia majumbani mwetu. Jambo lenyewe ni seva ya kuhifadhia mafaili ya nyumba, na kadi ya mtandao ambayo vijana wetu hupenda kuitia ndani yake ili iende kasi zaidi. Fedha nyingi hupotea katika jambo hili, wala hazipotei kwa wizi, bali kwa kudhani. Kijana huona kadi inauzwa kwa bei nafuu, huitazama nafasi iliyo wazi ndani ya seva yake, akaona kuwa kadi itaingia, basi hununua. Ama hakika kuingia ni jambo moja, kufanya kazi ni la pili, kwenda kwa mwendo wake kamili ni la tatu, na kuyafanya hayo yote bila ya kudhuru kitu kingine ndani ya seva ni la nne. Anayenunua kwa kulijua lile la kwanza peke yake amebahatisha tu.

Huenda wako watakaouliza: nyumba ina haja gani na seva? Jawabu ni kuwa daftari la nyumba siku hizi limo ndani ya simu na kompyuta. Humo zimo picha za arusi na za watoto, nakala za vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, hati za nyumba na shamba, hesabu za duka, wasia, na sauti za wazee waliokwisha kutangulia mbele ya haki wakisomesha darsa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila khabari. Seva ya nyumbani ni kompyuta ndogo yenye diski kadhaa, ikaayo pembeni ikiwaka mchana na usiku, na kila mtu wa nyumba huweka na kuchukua mafaili yake humo kwa njia ya mtandao. Kwa kuwa kilichomo ni amana ya watu wengi, anayeifungua kwa bisibisi yampasa ajue analolifanya.

SLOTI NI NINI

Ukiifungua seva utaona juu ya bodi kuu mifereji myembamba ya plastiki yenye meno ya chuma ndani yake. Hiyo ndiyo mafundi waiitayo sloti, na kazi yake ni kupokea kadi ya ziada: ya mtandao, ya diski, au ya picha.

Tangu mwaka 1992 sloti iliyokuja kuenea ni ile iitwayo PCI. Hiyo ilikuwa kama barabara moja ya kijiji: kadi zote hupita humo humo, na mwendo wa juu wa aina iliyokuwa ya kawaida majumbani ulikuwa kiasi cha megabaiti 133 kwa sekunde, tena wagawane wote. Mtandao wa gigabiti 1 peke yake, ukienda kwa nguvu zake, hubeba megabaiti 125 kwa sekunde kwa upande mmoja, maana biti 8 ni baiti 1. Basi kadi moja tu ya mtandao yatosha kuijaza barabara ile, na diski zikakosa pa kupita.

Mwaka 2003 ikatoka PCI Express, nayo ndiyo tunayoitumia hata leo. Humo kila sloti ina njia zake yenyewe, haigombani na jirani. Sloti yaweza kuwa na njia 1, au 4, au 8, au 16, na huandikwa x1, x4, x8 na x16. Kadi fupi huweza kuingia katika sloti ndefu na ikafanya kazi. Kadi ndefu haiingii katika sloti fupi, illa ile ambayo ncha yake imeachwa wazi.

Kisha viko vizazi. Kizazi cha kwanza, cha mwaka 2003, kila njia hupitisha megabaiti 250 kwa sekunde. Cha pili, cha mwaka 2007, hupitisha 500. Cha tatu, cha mwaka 2010, hupitisha kiasi cha 985, na cha nne, cha mwaka 2017, kiasi cha 1,970. Vizazi hivi vyasikilizana: kadi ya zamani huingia katika sloti mpya, na kadi mpya huingia katika sloti ya zamani. Lakini wawili hao hukubaliana kwa mwendo wa yule aliye mdogo. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza.

UREFU WA SLOTI SI WINGI WA NJIA

Usiamini macho peke yake. Bodi nyingi zina sloti ndefu yenye umbo la x16, na ndani yake zimeunganishwa njia 4 tu. Kwa nje huwezi kujua. Yakupasa usome kitabu cha bodi, mahali palipoandikwa maneno kama "x16, ikifanya kazi kwa x4".

Na tuchukue mfano wa kadi ambayo yapatikana sana katika soko la vifaa vilivyokwisha tumika, nayo ni Intel X520. Ni kadi ya gigabiti 10, yenye kizazi cha pili na njia 8. Na ile yenye matundu mawili ya kebo ndiyo iliyoenea zaidi. Gigabiti 10 ni megabaiti 1,250 kwa sekunde, na matundu mawili yakitumika pamoja ni 2,500. Ukiitia katika sloti yenye njia 8, yapata 4,000, nayo yatosha na kubaki. Sasa itie katika sloti yenye njia 4 za kizazi cha tatu. Kijana atapiga hesabu na kusema: njia 4 mara 985 ni karibu 3,940, basi yatosha. Hesabu hiyo ina kosa. Kadi ni ya kizazi cha pili, na haikui kwa kuwa sloti ni mpya. Kila njia itapitisha 500, na jumla ni 2,000. Tundu moja litashiba, mawili hayatashiba. Na ukiiweka katika njia moja tu, itapata 500, ambayo haifiki hata nusu ya mwendo wa tundu moja.

Basi kanuni ni hii: tazama kizazi cha kadi na cha sloti, chukua kilicho kidogo, tazama njia za kadi na njia za sloti, chukua zilizo chache, kisha zidisha. Mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya hesabu hiyo, nayo humwokolea baba yake fedha.

SLOTI MOJA, WAGENI WAWILI

Seva nyingi za nyumbani ni ndogo, na sloti zake ni haba. Mfano mzuri ni HP MicroServer Gen8, iliyotoka mwaka 2013 na kupendwa sana na watu wa majumbani. Kisanduku chake chachukua diski kubwa nne, na kina matundu mawili ya mtandao ya gigabiti 1. Sloti yake ni moja tu, ya umbo la x16 na ya kizazi cha pili.

Mwenye seva kama hii hana budi kuchagua. Katika nafasi nne za diski, mbili huenda kwa gigabiti 6 na mbili kwa gigabiti 3. Kwa hiyo wako wanaotaka kutia kadi ya kuunganishia diski katika ile sloti. Wako pia wanaotaka kutia kadi ya mtandao. Wageni ni wawili na kitanda ni kimoja. Ukinunua kadi ya mtandao leo, ujue kuwa umeuza nafasi ya kuongeza diski kesho. Jambo hili lataka shauri la nyumba nzima, si uamuzi wa mtu mmoja usiku mbele ya duka la mtandaoni.

Tena seva hii hupokea kadi fupi tu kwa kimo. Kila kadi ina kibati cha chuma mwishoni kinachofungwa kwa skrubu, na vibati ni vya namna mbili: kirefu, kiasi cha sentimita 12, na kifupi, kiasi cha sentimita 8. Kadi nyingi za gigabiti 10 zenyewe ni fupi, lakini huuzwa zikiwa na kibati kirefu. Muuzaji ukimwuliza mapema aghlabu hukupa kifupi. Usipomwuliza, utakuwa na kadi nzuri isiyofungika. Wala usiiache ikining'inia bila ya skrubu, kwani kebo ikivutwa kadi huinuka na kuharibu sloti.

SLOTI INAYOMNYIMA JIRANI

Sasa twaja kwenye jambo la khatari kuliko yote. Tumesema kuwa katika PCI Express kila sloti ina njia zake. Hiyo ni kweli kwa sloti yenyewe, lakini mtengenezaji wa bodi hana njia zisizokwisha. Kwa hiyo katika bodi nyingi za kawaida huziunganisha njia zile zile mahali pawili, akaandika kitabuni: ukitumia hapa, pale patazimika. Mathalan, ukitia diski ndogo ya M.2, matundu mawili ya diski za SATA huenda yakafa. Au ukitia kadi katika sloti ya pili, ile ya kwanza hupungua kutoka njia 16 hadi 8.

Fikiri maana yake katika seva ya nyumba. Diski zako nne zimeungana na kufanya ghala moja. Unatia kadi mpya, unawasha, na diski mbili hazionekani. Ikiwa ghala lako huvumilia kukosekana kwa diski moja tu, basi ghala zima halifunguki. Mafaili hayajafutika, ukiitoa kadi na kurudisha mambo yalivyokuwa, aghlabu yatarudi. Lakini mtu aliyeshikwa na hofu hubofya lolote aonalo mbele yake, na akibofya neno la kutengeneza ghala upya, ndipo msiba wa kweli unapoanza. Picha za mama aliyekufa haziuzwi dukani.

Kwa hiyo, kabla ya kuifungua seva, fanya mambo matatu. Kwanza, hakikisha kuwa iko nakala ya mafaili mahali pengine, nje ya seva hiyo. Diski nyingi zilizoungana huzuia kuharibika kwa diski moja. Hazizuii makosa ya mkono, wala moto, wala mwizi. Pili, andika kwenye karatasi namba ya kila diski na tundu ililochomekwa. Tatu, ukiwasha na ukaona jambo usilolielewa, zima, utoe ulichokitia, na urudi nyuma. Usitengeneze chochote katika hali ya fadhaa.

KADI ISIYOJULIKANA

Kadi yaweza kukaa vizuri, ikapata njia zake zote, na bado isifanye kazi, kwa sababu programu inayoiendesha seva haiijui. Kila kadi yahitaji draiva, yaani programu ndogo inayoifundisha seva namna ya kusema na kadi hiyo. Katika mfumo wa Linux, draiva nyingi zimo ndani tangu mwanzo, lakini si za kila kadi katika kila toleo. Chipu ya Realtek RTL8125, iliyomo katika kadi nyingi za bei nafuu za gigabiti 2.5, ilianza kufahamika katika Linux toleo la 5.4 la mwaka 2019. Mwenye seva yenye toleo la kabla ya hapo ataiona kadi hiyo kama bubu, mpaka abadili toleo au atie draiva kwa mkono wake.

Basi usinunue kwa jina lililoandikwa kwenye boksi. Uliza jina la chipu. Kadi kumi zenye majina kumi huweza kuwa na chipu moja, na kadi mbili zenye jina moja huweza kuwa na chipu mbalimbali.

Seva za kampuni zilizofungwa tayari zina sharti jingine. Synology DS923+, iliyotoka mwaka 2022, ina nafasi ya kuongezea mtandao wa gigabiti 10, lakini nafasi ile ina umbo la peke yake, nayo hupokea kadi ndogo ya kampuni hiyo tu. Kadi ya kawaida ya sokoni haiingii kabisa. Na hata katika seva za namna hii zenye sloti ya kawaida, yafaa utazame orodha ya kadi ambazo kampuni imezikubali kabla ya kutoa fedha.

KEBO NA UPANDE WA PILI

Kadi haisemi peke yake. Yasema na swichi iliyo upande wa pili wa kebo. Kadi za gigabiti 10 ni za namna mbili kubwa. Ziko zitumiazo kebo ya kawaida ya mtandao, na ziko zenye matundu ya SFP+, yanayopokea kebo fupi za shaba zilizotengenezwa kwa kazi hiyo au vipande vya taa vya kebo ya nyuzi za kioo. Ukinunua ya pili na swichi yako ni ya namna ya kwanza, havitaonana.

Kati ya zile za kebo ya kawaida pia mna mtego. Intel X540 huenda kwa gigabiti 10, au gigabiti 1, au megabiti 100. Haijui gigabiti 2.5, kwani utaratibu wa 2.5 na 5 ulitolewa mwaka 2016, baada ya kadi hiyo. Mtu aliyeiunganisha na swichi mpya ya gigabiti 2.5 ataona mwendo umeanguka hadi gigabiti 1, na atailaumu kebo bure. Nayo X520 tuliyoitaja, katika Linux, kwa kawaida hukataa vipande vya taa ambavyo Intel haikuvikubali, mpaka mwenyewe aiamuru draiva ivikubali.

Ama kebo yenyewe, ya Cat5e huchukua gigabiti 1 hadi mita 100. Ya Cat6 huchukua gigabiti 10 kwa kiasi cha mita 55 ikiwa imefungwa vizuri. Na ya Cat6a huchukua gigabiti 10 hadi mita 100. Kwa gigabiti 2.5, Cat5e yatosha, na hiyo ni khabari njema kwa mwenye nyumba ambaye kebo zake zimekwisha zikwa ukutani.

JOTO

Kadi zilizotolewa katika seva kubwa za makampuni aghlabu hazina feni. Zilikaa mahali penye upepo mkali wa feni za seva, usiku na mchana. Zikitiwa katika kisanduku kidogo kimya, pembeni mwa sebule ya Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari, huwaka moto. Na kadi iliyopata joto kupita kiasi hukata mtandao kila baada ya muda, ikamtia mwenyewe katika mashaka. Feni ndogo ikielekezwa kwenye bati la kupozea huondoa taabu hiyo. Na vumbi lifutwe, maana ndilo blanketi la kadi.

JE, WAIHITAJI?

Swali hili tumeliweka mwisho, lakini wewe lianze. Diski kubwa ya kawaida ya siku hizi husoma faili moja refu kwa kiasi cha megabaiti 200 hadi 250 kwa sekunde. Mtandao wa gigabiti 1 hupitisha 125, basi hapo mtandao ndio unaochelewesha. Mtandao wa gigabiti 2.5 hupitisha 312, nao waitosha diski hiyo. Kutia gigabiti 10 mbele ya diski moja au mbili ni kujenga lango la ngome katika kibanda cha makuti. Lango ni zuri, lakini anayepita ni yule yule.

Kadi ya gigabiti 2.5 huhitaji njia 1 tu ya kizazi cha pili, yenye megabaiti 500. Huingia katika sloti ndogo, haina joto la kutisha, na huiacha sloti kubwa kwa haja ya kesho. Na ikiwa seva haina sloti kabisa, iko kadi ya nje ya gigabiti 2.5 inayochomekwa katika USB 3, mradi programu ya seva iwe yaijua.

Wako pia wanaodhani kuwa kuunganisha kebo mbili za gigabiti 1 kutampa kila mtu gigabiti 2. Sivyo. Kwa kawaida safari moja ya faili hupita katika kebo moja. Watu wawili huweza kugawana kebo mbili, lakini mtu mmoja anayenakili faili moja hubaki na gigabiti 1 yake.

NENO KWA VIJANA

Kijana msomaji, wewe ndiye fundi wa nyumba katika mambo haya, na wazazi wako hukuamini kwa fedha zao na kwa kumbukumbu zao. Kabla ya kununua, chukua karatasi uandike majawabu ya maswali sita: Sloti ina njia ngapi za kweli, na ya kizazi gani? Nikiitumia, ni kitu gani kitazimika? Kibati ni kirefu au kifupi? Chipu ya kadi ni ipi, na programu yangu yaijua? Kebo na swichi vyasema lugha moja na kadi? Diski zangu zaweza kuujaza mwendo huo? Kuuliza si ujinga. Na muuzaji asiyeweza kukwambia jina la chipu ya kadi anayoiuza, mpishe.

Na ukikwisha kuitia, usiridhike kwa kuona taa inawaka. Katika Linux, amri ya lspci itakuonyesha kadi imepata njia ngapi na za kizazi gani. Ethtool itakuonyesha mwendo waliokubaliana na swichi. Na iperf3 itaupima mtandao wenyewe bila ya kuzihusisha diski. Andika hesabu hizo kwenye karatasi ile ile, uibandike ndani ya mlango wa seva. Siku moja mtu mwingine wa nyumba ataifungua wewe ukiwa safarini, naye atakuombea kheri.

Wassalaam.